Pamba Haina Kosa

Kila mwaka, vuli ikishamaliza manyunyu yake na kaskazi ikaanza kuvuma, huzuka katika magazeti, katika redio na katika vijiwe vya wenye kusoma lalamiko moja lisilochoka. Husemwa kwamba Dar es Salaam imelogwa. Husemwa kwamba watu wazima wenye akili zao, katika joto la kumtoa nyoka pangoni, wanapachika pamba kwenye vioo vya maduka wakaiita theluji. Wanasimamisha miti ya plastiki ya nchi za baridi mbele ya duka la khanga. Wanawavika vijana kofia nyekundu za manyoya, jasho likiwachuruzika mpaka kidevuni. Mlalamikaji humalizia kwa methali zake mbili azipendazo, kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha huweka kalamu chini, akaridhika kuwa ameitetea Afrika.

Nimeisoma hoja hiyo kwa miaka mingi, na wengine wanaoiandika ni watu ninaowaheshimu. Lakini naona wakati umefika iambiwe wazi kwamba ni hoja ya uvivu. Inamgombeza asiyestahiki kugombezwa, na inamwacha mwenye kosa akae kitako barazani akinywa kahawa. Makusudio yangu katika makala haya ni kumtetea muuza duka wa Kariakoo, na kisha kumtaja mshitakiwa wa kweli. Mshitakiwa huyo, ndugu wasomaji, yumo miongoni mwetu sisi tunaoandika na kusoma kurasa kama hizi.

Tuanze na kilichopo. Mwenye kupita Kariakoo katika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, kuanzia Mtaa wa Msimbazi akaingia Mtaa wa Kongo, kisha akakata kuelekea mtaa ambao wazee wetu waliupa jina la Sikukuu kana kwamba walijua yatakayokuja, huona jambo ambalo haliko pengine popote katika mwambao huu. Taa ndogo ndogo za rangi zinametameta mchana kweupe kushindana na jua. Nyuzi za fedha na dhahabu zimetundikwa kwenye milango ya mabati. Juu ya meza ya mbao, nyota ya karatasi imekaa ubavuni mwa mizani ya dagaa. Wauzaji, ambao miongoni mwao Waislamu ni wengi, wanaita wateja kwa mashairi ya papo kwa papo. Na wanunuzi si Wakristo peke yao, kwani mtoto akililia taa haulizi taa hiyo ni ya dini gani. Ukitoka hapo ukavuka Mnazi Mmoja ukaingia mjini, ukapita Mtaa wa Samora mpaka upande wa bandari, utayakuta makanisa mawili yaliyojengwa zama za Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na la Azania Front la Walutheri, nayo yamewashwa taa kwa namna iliyotulia zaidi. Usiku, upepo wa bahari unapoingia, familia nzima nzima hutembea kutoka taa hadi taa, hazina la kununua, zinaangalia tu.

Hizo ni furaha za watu wasio na mengi. Anayezidharau na ajiulize kwanza yeye amewapa nini badala yake.

Sasa tuzitazame tuhuma moja moja. Ya kwanza inasema kwamba vitu hivi ni vigeni. Naam, ni vigeni. Vingi vinatoka Uchina, na aghalabu katika mji mmoja, Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, ambao unajulikana ulimwenguni kote kwa viwanda vyake vya mapambo ya Krismasi, ingawa Krismasi yenyewe si siku ya mapumziko katika nchi hiyo. Lakini tangu lini mtu wa pwani akaona haya kwa kupamba nyumba yake kwa kitu kilichotoka Uchina? Nenda Kunduchi, kaskazini ya jiji hilo hilo la Dar es Salaam, ukatazame makaburi ya kale ya Waswahili. Katika nguzo za makaburi hayo wazee wetu walipachika sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina, yakimeremeta juani juu ya vichwa vya wafu wao. Wataalamu wa mambo ya kale huja kutoka mbali kuyapiga picha, na sisi tunayaita ustaarabu. Je, sahani ya Kichina juu ya kaburi ni ustaarabu, na taa ya Kichina juu ya duka ni utumwa? Au kitu kigeni huwa chetu pale tu mwenye kukinunua akishakufa miaka 200?

Na hebu tukumbuke Desemba ni mwezi gani katika historia yetu. Ndio mwezi wa kuanza kwa kaskazi, pepo iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakashusha tende, mazulia, masanduku na vyombo, yakasubiri kusi ili yarudi na boriti na karafuu. Kwa karne nyingi mtoto wa Unguja, wa Lamu au wa Bagamoyo alipouona mwaka unakwisha aliangalia baharini, akajua kwamba vya kung'aa viko njiani. Makontena yanayofunguliwa Kariakoo mwezi huo huo si mwisho wa desturi hiyo. Ni desturi ile ile, imebadilisha tanga kwa mtambo. Anayetaka Waswahili wasipokee vya wageni mwezi wa Desemba hatetei asili yetu, anaigomea.

Kariakoo lenyewe ni jina gani? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walioswagwa na Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Ulimi wa Kiswahili ulilichukua jina lile gumu la kijeshi, ukalitafuna, ukalilainisha, ukalifanya jina la soko kubwa kuliko yote nchini. Lugha yenye meno ya kutafuna mkasa kama ule haiwezi kushindwa na kofia nyekundu.

Tuhuma ya pili ni nzito zaidi, nayo inasema kwamba theluji haituhusu. Hapa mlalamikaji anadhani amefika penye mwamba, kumbe amesimama mchangani. Neno lenyewe theluji tumelipata katika Kiarabu, na hatukulipata kwa ajili ya kadi za Krismasi. Imo katika Hadithi, katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, dua ya kufungulia sala ambayo mwenye kuisoma humwomba Mola amsafishe na makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Mzee wa Malindi au wa Mkunazini asiyewahi kuuona mlima wowote ameitamka theluji kwa ulimi wake, msikitini, akiwa na maana ya usafi wa nafsi. Wakristo nao wanayo maana hiyo hiyo, katika Zaburi ya 51 na katika mlango wa kwanza wa Isaya, ambamo dhambi iliyosamehewa inafananishwa na weupe wa theluji. Basi maandiko ya dini hizi mbili yameileta theluji mpaka vifuani mwetu kabla haijafika dirishani.

Liko na neno la pili, nalo ni la ajabu zaidi. Barafu ni neno la Kiajemi, na kwa Waajemi wenyewe maana yake ni theluji, ile inayodondoka kutoka mbinguni. Lilipovuka bahari likaja kwetu, halikukuta theluji ya kuitwa. Basi likapewa kazi nyingine, likawa jina la maji yaliyoganda, yale ya kutilia juisi. Yaani sisi ni watu tuliopewa theluji tukaifanya kitu cha kuburudisha koo. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa namna lugha yetu inavyompokea mgeni. Haimfukuzi wala haimsujudii, inamtafutia kazi.

Na hivyo ndivyo alivyofanya muuza duka wa Mtaa wa Kongo. Mimi sikusomea tafsiri chuoni. Kazi hii nimeifundishwa na vitabu vyenyewe, kwa kuvifasiri mstari baada ya mstari, na nimefika umri wa kuwa na maoni yangu juu yake. Swali la zamani la wafasiri ni hili: ufanyeje ukikutana na weupe wa theluji, nawe unawaandikia watu wasioijua theluji? Wafasiri wa Biblia katika nchi nyingi za joto wamelibishania swali hilo sana. Wako wanaosema liache neno kama lilivyo, msomaji atajifunza. Wako wanaosema tafuta kitu kilicho cheupe kabisa katika nchi ya msomaji, ukiweke mahali pake. Kwetu sisi kitu hicho kinajulikana na kila mtu. Mwambie Mswahili ataje weupe usio na doa, atakwambia: mweupe kama pamba. Basi yule muuza duka, bila ya kuhudhuria kongamano lolote, amekutana na theluji ya wageni akaifasiri kwa pamba, zao la wakulima wa Usukuma, lenye msemo wake tayari katika lugha. Hiyo ni tafsiri, na ni tafsiri nzuri. Nimeona nyingi mbaya kuliko hiyo zikiwa na muhuri wa wachapishaji wakubwa.

Tuhuma ya tatu inasema kwamba mapambo haya hayana asili hata katika dini yenyewe. Hilo ni kweli, lakini halimdhuru yule anayedhaniwa. Katika Injili hamna msonobari wala theluji. Muna hori la ng'ombe na wachungaji walio makondeni usiku. Katika Qur'ani, Sura ya Maryam, mama mwenye uchungu anaegemea shina la mtende, naye anaamrishwa alitikise zimdondokee tende mbivu. Mti wa kuzaliwa kwa Isa, kwa Waislamu, ni mtende, na sisi mtende tunaujua. Basi theluji ilitoka wapi? Ilitoka katika vitabu na magazeti ya karne ya 19. Charles Dickens alitoa hadithi yake ya Krismasi mwaka 1843, naye utoto wake uliangukia katika miaka ya baridi isiyo ya kawaida. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Mjerumani wamezunguka mti uliopambwa, na Waingereza wengi wakauiga. Hata London yenyewe haipati theluji kila Krismasi. Miaka mingi inapita ardhi ni nyevu na ya kijivu tu. Na wimbo wa Krismasi nyeupe, ulioenea dunia nzima kwa sauti ya Bing Crosby mwaka 1942, ulitungwa na Irving Berlin, Myahudi mzaliwa wa Urusi, na ubeti wake wa kufungulia, ambao waimbaji wengi huuacha, unamweka msemaji katika jua la Los Angeles, chini ya mitende.

Maana yake ni nini? Ni kwamba theluji ya Krismasi, huko huko inakodaiwa kuwa ni asili, nayo ni ya kutamaniwa. Ni ya vioo vya maduka na ya kumbukumbu. Mtu wa London akinyunyiza unga mweupe dirishani na mtu wa Kariakoo akibandika pamba, wote wawili wanafanya kazi moja, ya kukitamani kisichokuwapo. Na kazi hiyo, wapenzi wa ushairi, si ndiyo kazi yetu? Nani katika sisi hajaimba habari ya kipenzi asiyemwona?

Basi wako wapi wakosaji? Nilisema nitawataja, na sasa nawataja.

Wa kwanza ni sisi wafasiri. Vitafute vitabu vya watoto vilivyofasiriwa kwa Kiswahili, utazame namna majira ya baridi ya Ulaya yalivyoandikwa. Mara kwa mara utakuta kipupwe. Lakini kipupwe tunakijua sote. Ni upepo na ubaridi mtamu wa Juni na Julai, baada ya masika, wakati mtu wa pwani anapojifunika shuka akashukuru. Mtoto anayesoma kwamba Krismasi ilikuja katikati ya kipupwe ameibiwa mara mbili. Hakuielewa baridi ya kule inayoua, na ameharibiwa jina la majira ya kwao. Kosa hili ni kubwa kuliko pamba yote iliyopata kubandikwa Kariakoo, kwa sababu pamba hubanduliwa Januari, na neno likishaharibika halibanduki. Majira ya baridi kali tungeweza kuyaita kwa jina hilo hilo lililo wazi, na kipupwe tukakiacha mahali pake. Lakini mfasiri alitaka neno moja zuri, akaliiba kwa jirani yake wa Julai.

Wa pili ni wenye kutunga vitabu vya shule na wenye kuvifundisha. Mchukue mtoto wa mjini, awe wa Ilala au wa Ng'ambo, umwambie ataje majira ya mwaka. Usishangae akikutajia manne ya Ulaya kwa Kiingereza, kwa utaratibu wake. Mwulize kaskazi. Mwulize kusi, vuli, masika, kipupwe, kiangazi. Mwulize upepo unaompiga usoni wakati ule ule anapokujibu unatoka upande gani, na babu yake aliufanyia nini. Mtoto huyo hakupotoshwa na duka. Duka halina wajibu wa kufundisha majira, shule inao. Tukimwacha mtoto bila ya majina ya hali ya hewa yake, atachukua majina yoyote atakayokuta yanang'aa.

Na wa tatu, walio wakosaji wakubwa kwa sababu walipewa kipawa, ni washairi. Nauliza: iko wapi Desemba yetu? Juu ya Ramadhani tunatunga kila mwaka. Idi tunaisifu, Maulidi tunayaimba mpaka alfajiri. Lakini Desemba ya mwambao, pamoja na joto lake linalolegeza magoti, embe dodo zinazoinamisha matawi, nanasi zilizopangwa kando ya barabara, kaskazi inayopiga madirisha na bahari iliyogeuka rangi, tumemwachia nani? Liko hata hili: mchana wa Dar es Salaam katika mwezi huo ndio mrefu kuliko yote ya mwaka. Watu wa London wana mchana usiotimia saa 8, na ndiyo maana wakawasha taa, kwa kuogopa giza. Sisi tunawasha taa katika mwezi wa nuru nyingi zaidi. Giza la Desemba likitushika, huletwa na mgao wa umeme, kama katika miaka ile ya 2006 na 2011, wala halitoki kwa jua. Kuwasha taa juu ya nuru, si kwa hofu bali kwa wingi wa furaha, ni maana mpya kabisa, na haijaandikwa hata na anayeilalamikia. Mlalamikaji ameona nakala tu, hakuona kwamba nakala imegeuka kitu kingine mikononi mwa walioinakili.

Na mti tunao. Uko ule unaochanua mwezi huo maua mekundu kama moto, kwenye barabara za Dar es Salaam na katika viwanja vya mashule, ambao watu wa Bara wanauita mkrismasi. Asili yake ni Bukini. Nao ni mgeni, lakini umeota, ukatoa kivuli, ukapewa jina la Kiswahili na watu ambao hawakuomba ruhusa ya mwanazuoni yeyote. Wanachi wa kawaida wameshaupata mti wa Krismasi wa nchi ya jua. Washairi ndio bado wanabishana kuhusu ule wa plastiki.

Lakini kosa letu kubwa kuliko yote halihusu joto. Linahusu theluji yenyewe. Mlalamikaji anaposema kwamba sisi si watu wa theluji, anasema uongo wa jiografia. Tarehe 11 Mei 1848, mwaka ule ule wa picha ya mti wa Victoria, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Ameeleza mwenyewe kwamba alipomwuliza kiongozi wake kile ni kitu gani, mtu yule alikiita kwa jina la baridi tu. Habari zilipofika London, wako wataalamu wa jiografia, Desborough Cooley akiwa mbele yao, waliokataa katakata: theluji haiwezi kuwako karibu na Ikweta. Yaani waliotangaza zamani kwamba Mwafrika na theluji havikutani walikuwa mabingwa waliokaa London na ramani zao. Leo tunawarudia wao, tukidhani tunajitetea.

Theluji hiyo tunayoikana inakufa. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kiasi cha kilomita za mraba 12. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ilipofika mwaka 2007 asilimia 85 yake ilikuwa imekwisha kutoweka. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu iliyobaki huenda ikatoweka kabla ya mwaka 2050. Wajukuu wa wasomaji wa kurasa hizi huenda wakasimama Moshi wakatazama juu wakaona jiwe. Na hadithi mashuhuri zaidi duniani yenye jina la theluji hiyo iliandikwa na Mmarekani, Ernest Hemingway, mwaka 1936. Sisi tumeusifu mlima kwa urefu wake, tumeufanya nembo ya bia, ya hoteli na ya timu za mpira, lakini weupe wake unaopungua mwaka hata mwaka tumeulilia mara ngapi kwa Kiswahili? Tuna mashairi ya kumlilia sultani, ya kuililia meli iliyozama, ya kumlilia paka. Theluji ya nchi nzima inakwenda bila tanzia.

Nami nakumbusha jambo moja ili isisemwe kwamba Desemba, theluji na taa havijapata kukutana katika historia yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro, kutimiza ahadi ambayo Julius Nyerere aliitamka mwaka 1959. Taa ya Desemba, juu ya theluji, kwa ajili ya matumaini: ni picha gani ya majira ya baridi, katika kadi yoyote ya Ulaya, inayoweza kushindana na hiyo? Imekaa pale zaidi ya miaka 60. Msanii wa mabango ya Kariakoo angeichora kesho kama angeletewa. Nani amempelekea?

Najua nitajibiwa na upande wa pili, wale wasemao kwamba haya yote ni maneno mengi kwa kitu kidogo, kwamba mapambo ni furaha tu na tuwaache watu wafurahi. Nao nawakatalia. Furaha si kitu kidogo. Mtoto anapoiona taa ya kwanza katika maisha yake, jina atakalopewa pamoja na taa ile litakaa naye mpaka uzee. Ndiyo maana sikubali kwamba liwe jina lolote. Natetea haki ya mama wa Kariakoo kuinunua nyota ya karatasi kwa shilingi zake chache, na papo hapo nadai kwamba mwanawe awe na ubeti wa kuuimba chini ya nyota ile, ubeti wenye kaskazi na embe ndani yake, na Kibo ikipenda. Haki ya kwanza anayo tayari, ameilipia. Ya pili tunadaiwa sisi.

Basi nasema kwa ufupi. Wafasiri, rudisheni kipupwe kwa mwenyewe. Walimu, kabla hamjafundisha majira ya Ulaya, mtoeni mtoto nje mmwonyeshe upepo. Wahariri wa majarida yetu, na hili nalo likiwamo, wekeni toleo moja la Desemba kwa ajili ya Desemba, mkaribishe Waislamu na Wakristo, wa visiwani na wa Bara, waimbe mwezi mmoja unaowapiga joto wote sawasawa. Wanaolalamika, acheni kulalamika mtunge. Pamba hailingani na kalamu kwa nguvu, na kama imeshinda ni kwa sababu kalamu haikuja uwanjani.

Nisije nikaamrisha nisilolitenda, naweka hapa beti mbili. Si kwamba ni bora, ila ziko, na mwenye bora kuliko hizi na atupe:

Desemba yetu si giza, pepo njema zimevuma,
Miembe imejijaza, kila tawi lainama,
Kibo juu yapunguza, theluji ya tangu zama,
Malenga nawauliza, nani ataye kusema?

Pamba haina makosa, imefanya yake kazi,
Duka imelitakasa, kwa weupe wa azizi,
Kosa letu ni kususa, kuviacha vyetu wazi,
Tuyaimbe yetu sasa, yarithiwe na vizazi.